Sura ya Tano: Kima Wamejaa Mashambani, Mbona Wanasemekana Wanatoweka?

Swali hili huulizwa karibu kila mahali ambapo shamba linapakana na msitu. Mkulima anayeshinda juani akifukuza nyani na tumbili kwenye mahindi yake huambiwa kwamba kima wamo hatarini na wanahitaji kulindwa. Haelewi, na ana haki ya kutoelewa, kwa kuwa wale anaowaona hawapungui hata kidogo.

Jibu ni kwamba wanaovamia shamba si wale wanaotoweka. Wanaotoweka ni jamaa zao wa ndani ya msitu, ambao mtu anaweza kuishi kilomita chache kutoka kwao miaka yote asiwaone hata mara moja. Sura hii inaeleza kinachowatofautisha, namna wanavyohesabiwa, na yale ambayo misitu ya Udzungwa, Rungwe, Jozani na Kibale imefundisha kuhusu kuwalinda.

Katika kurasa hizi jina kima linatumika kwa ukoo mzima wa wanyama wa jamii hiyo wa Afrika: nyani, tumbili, mbega na wenzao. Sokwe hawamo, kwani hawana mkia na ni wa ukoo mwingine.

## Mifuko ya mashavuni na tumbo la vyumba

Kima wa Afrika wamegawanyika katika makundi mawili makubwa, na tofauti yao imo katika namna ya kula.

Kundi la kwanza lina mifuko ndani ya mashavu. Humo wamo nyani, tumbili, kima wa kawaida wa msituni, na ngolaga, ambao ni kima wakubwa wenye taya za kuvunja mbegu ngumu. Mnyama wa kundi hili huweza kuchuma haraka, kujaza mashavu, kukimbia na kwenda kutafuna mahali salama. Wengi wao hula karibu kila kitu: matunda, wadudu, mizizi, mahindi, ndizi na mabaki ya jalalani. Nyani na tumbili ndio waliobobea katika maisha hayo. Msitu ukikatwa na shamba likalimwa, wao hawakosi riziki.

Kundi la pili ni la mbega. Hawa hawana mifuko ya mashavuni. Badala yake wana tumbo kubwa lenye vyumba, ambamo bakteria huchachusha majani kama inavyotokea kwa ng'ombe. Tumbo hilo huwawezesha kuishi kwa chakula ambacho wengine hawakiwezi, lakini pia huwabana. Matunda mabivu yenye sukari nyingi huchacha upesi na kuleta asidi inayoweza kuwadhuru, kwa hiyo mbega hutafuta majani machanga, maua na matunda mabichi. Majani machanga hayapatikani kwenye mti mmoja mwaka mzima. Kundi la mbega linahitaji miti ya aina nyingi inayochipua kwa zamu, yaani linahitaji msitu wenyewe.

Tena mbega wekundu huishi katika makundi makubwa yenye kelele, na wakishtuka aghalabu hupanda juu na kutulia badala ya kukimbia mbali. Mwindaji mwenye gobole hapati tabu kuwafikia. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati, na kwa kawaida hupita miaka miwili au zaidi kabla hajazaa mwingine. Kundi likiuawa nusu, halirudi kama lilivyokuwa kwa msimu mmoja wala miwili.

Kwa ufupi: wingi wa nyani shambani hausemi chochote kuhusu hali ya mbega msituni. Hata huenda vyote viwili vikawa na chanzo kimoja, yaani msitu uliogeuzwa shamba.

## Wanyama wa mahali pamoja tu

Spishi ni aina ya viumbe wanaofanana na kuzaliana wao kwa wao. Baadhi ya spishi zimeenea nusu ya bara. Nyingine zinapatikana mahali pamoja tu duniani, na hapo zikiisha zimeisha kabisa. Afrika Mashariki ina kima kadhaa wa namna hii:

- Kima punju ni mbega mwekundu wa Unguja na visiwa vidogo vya jirani. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974.
- Mbega mwekundu wa Udzungwa huishi katika milima ya Udzungwa na vipande vichache vya msitu katika Bonde la Kilombero, ukiwemo Magombera.
- Ngolaga wa Sanje hupatikana Udzungwa peke yake. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua.
- Kipunji huishi Mlima Rungwe, misitu ya Livingstone iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na msitu wa Ndundulu katika Udzungwa.
- Mbega mwekundu na ngolaga wa Mto Tana ni spishi mbili za Kenya zinazoishi katika vipande vya msitu kando ya mto huo, karibu na bahari. Msitu wenyewe hutegemea mafuriko ya mto.

Historia ya kipunji inaonyesha jinsi mnyama mkubwa anavyoweza kufichika. Wanyakyusa walikuwa na jina lake na habari zake zamani. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport walimwona Rungwe, na mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za wenzao, lilimwona Ndundulu. Alitangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005. Mwaka uliofuata, baada ya kuchunguza mwili wa kipunji mmoja aliyenaswa kwenye mtego shambani, wanasayansi waliona kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe. Jenasi ni ngazi iliyo juu ya spishi, yaani ukoo unaokusanya spishi zenye undugu wa karibu. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya kima tangu mwaka 1923.

Kwa hiyo mnyama wa kilo zaidi ya 10, mwenye sauti kama mbweko wa puani, aliishi karibu na vijiji vyenye watu wengi hadi karne hii bila kuandikwa katika kitabu chochote cha sayansi. Kisichoandikwa hakiwekwi katika mpango wa ulinzi, na ndiyo sababu utafiti wa kima ni sehemu ya kuwalinda.

## Wanahesabiwaje?

Watu wengi hudhani kuwa idadi ya wanyama wa msituni hubuniwa ofisini. Kazi halisi hufanywa kwa miguu, alfajiri hadi alasiri, na wengi wanaoifanya ni vijana na wazee wa vijiji vya jirani waliofundishwa. Kuna njia nne za kuwachunguza na kuwahesabu zinazotumika zaidi.

1. Kuzoesha kundi. Mtafiti akitaka kujua kima anakula nini na anaishi vipi, lazima akae naye bila kumtisha. Watu wale wale hulifuata kundi lile lile siku baada ya siku, bila kulilisha wala kulisogelea mno, mpaka wanyama wawapuuze. Kazi hii huchukua miezi, pengine miaka. Ina hatari yake pia: kundi lililozoea watafiti halimkimbii mwindaji. Kwa hiyo haifai kuzoesha kundi mahali ambapo hakuna ulinzi.

2. Sensa ya njia. Hufyekwa njia nyembamba iliyonyooka, yenye urefu wa kilomita chache. Mtafiti na msaidizi wake huitembea asubuhi kwa mwendo wa polepole sana, karibu kilomita moja kwa saa, wakisimama kusikiliza. Kila wanapokutana na kima huandika saa, spishi, idadi na umbali wa kundi kutoka njiani. Umbali ni muhimu kwa sababu kundi lililo mbali huonekana kwa shida, na hesabu lazima izingatie wale waliopitwa bila kuonekana. Njia hiyo hiyo hurudiwa kila mwezi kwa miaka mingi. Matembezi ya siku moja hayatoshi, kwani siku hiyo kundi linaweza kuwa bonde la pili.

3. Hesabu kamili. Ikiwa wanyama ni wachache na msitu si mkubwa, timu kadhaa huingia kwa wakati mmoja zikiwa na vifaa vya setilaiti vya kuonyesha mahali zilipo. Kila kundi hufuatwa mpaka livuke sehemu iliyo wazi, ambapo wanyama huhesabiwa mmoja mmoja. Kipunji walihesabiwa hivi.

4. Kalenda ya miti na kinyesi. Miti hutiwa alama na kukaguliwa kila mwezi ili kujua ipi inachipua, inachanua au ina matunda. Kinyesi kibichi hukusanywa na kupelekwa maabara. Humo husomwa minyoo, vinasaba vinavyoonyesha undugu wa mnyama, na homoni zinazoonyesha kama ana mfadhaiko. Mnyama mwenyewe haguswi.

Faida ya subira hiyo ilionekana katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, ambako Thomas Struhsaker alianza kuchunguza mbega wekundu mwaka 1970. Hesabu zilizorudiwa kwa miongo kadhaa zilionyesha kwamba katika eneo la Ngogo mbega wekundu walipungua sana, ilhali katika eneo la Kanyawara, ndani ya msitu huo huo, idadi yao haikuporomoka namna hiyo. Sababu kubwa ya Ngogo haikuwa ujangili. Huko kuna jamii kubwa mno ya sokwe, na sokwe huwinda mbega wekundu kwa ustadi. Bila kumbukumbu za miaka mingi, lawama zingeweza kuwaangukia watu wasiohusika, na askari wangepelekwa pasipohitajika.

Kwa ufupi: hesabu moja huonyesha hali ya siku moja. Hesabu zilizorudiwa kwa njia ile ile huonyesha mwelekeo, na mwelekeo ukilinganishwa na mambo mengine huonyesha sababu.

## Misitu miwili ya Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, ilianzishwa mwaka 1992. Ndani yake, upande wa mashariki unaotazama mashamba ya miwa ya Kilombero, umo msitu wa Mwanihana. Kusini-magharibi zaidi, nje ya hifadhi hiyo, upo msitu wa Uzungwa Scarp. Misitu hii ilikuwa na kima wa aina zile zile: mbega mwekundu, mbega mweusi na mweupe, kima wa kawaida na ngolaga wa Sanje. Tofauti ilikuwa ulinzi. Mwanihana ulilindwa na askari wa hifadhi ya taifa, ilhali Uzungwa Scarp kwa miaka mingi ulikuwa hifadhi ya msitu yenye walinzi wachache mno.

Watafiti, akiwemo Francesco Rovero, walirudia sensa za njia katika misitu yote miwili. Mwanihana, idadi ya kima haikutetereka sana. Uzungwa Scarp, mbega wa aina zote mbili waliporomoka hadi karibu kutoweka katika sehemu zilizochunguzwa, huku uwindaji wa nyama na ukataji miti ukiendelea. Kima wa kawaida alibaki. Yeye ni mwepesi, hula vitu vingi, na hujificha haraka.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba msitu unaweza kuonekana kijani na mzima kutoka barabarani huku ndani umekwisha kunyamaza. Ramani ya miti haitoshi, na lazima wanyama wenyewe wahesabiwe. La pili ni kwamba spishi zilizo katika msitu mmoja haziumii kwa kiwango kimoja. Anayesema “kima bado wapo” baada ya kumwona kima wa kawaida hajasema lolote kuhusu mbega.

Ulinzi nao una gharama, na gharama hiyo huwaangukia walio karibu. Kwa miaka mingi wanavijiji wa Mwanihana waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa. Kwa mama mwenye watoto, kuni ndizo ugali wa jioni. Katazo kama hilo likitolewa bila miti ya kuni iliyopandwa vijijini na majiko banifu, yaani majiko yanayotumia kuni kidogo, humwacha mtu mwema achague kati ya sheria na chungu chake. Haki inadai kwamba mbadala utangulie katazo.

## Jozani: minazi, mkaa na barabara

Unguja ni kisiwa chenye watu wengi, na kima punju hana bara la kukimbilia. Makazi yake makuu yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2004, lakini makundi mengi huishi pia nje ya mipaka, kwenye mashamba, vichaka vya mawe na mikoko. Mambo matatu yaliyochunguzwa huko yanafaa kujulikana na kila anayeishi jirani na wanyama.

Minazi. Wakulima walilalamika kwamba kima punju wanamaliza nazi. Watafiti hawakuwapuuza. Walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wanyama hao hula zaidi vidaka, ambavyo vingi huanguka vyenyewe kabla ya kukomaa, na mavuno ya mwisho hayakupungua kwa sababu yao. Huenda upunguzaji huo wa vidaka hata unasaidia vilivyobaki kukua. Hii haina maana kwamba mkulima haharibiwi kitu, kwa kuwa mazao mengine huliwa kweli. Maana yake ni kwamba hasara ipimwe zao kwa zao kabla ya mtu kulipwa au mnyama kuhukumiwa.

Mkaa. Kima punju wanaoishi mashambani hula majani ya miembe na mikungu, yenye protini nyingi lakini pia kemikali zinazosumbua tumbo. Wanyama hao huokota mkaa kwenye majiko na miti iliyoungua, wakautafuna. Mkaa hunasa kemikali hizo. Makundi ya ndani ya msitu hayana tabia hiyo, na inaelekea watoto huiiga kwa mama zao. Hivyo mnyama wa msituni anaweza kujifunza kuishi na binadamu, ila kwa kiasi, na kwa muda mrefu.

Barabara. Njia kuu iendayo pwani ya kusini-mashariki hupita kando ya msitu. Kabla ya matuta kujengwa, ilikadiriwa kwamba gari liliua kima punju mmoja kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Baada ya matuta manne kuwekwa, vifo vilipungua hadi mmoja kwa takriban wiki sita. Matuta si dawa kamili, lakini ni udongo na lami tu, na yameokoa maisha.

Sehemu ya mapato ya watalii wanaotembelea Jozani hupelekwa kwa jamii za jirani, wakiwemo wakulima ambao mashamba yao hutembelewa na kima punju. Utaratibu huu hufanya mnyama aliyekuwa hasara tupu awe na manufaa kwa wanaomvumilia. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 iliona zaidi ya wanyama 5,800 kisiwani, wengi kuliko ilivyodhaniwa awali, ingawa watafiti walitahadharisha kwamba watoto wachache mno ndio wanaofikia utu uzima.

## Mambo yanayosaidia

Kutoka misitu hii, hatua zifuatazo zimeonyesha faida au zina sababu nzuri ya kufuatwa:

1. Doria za kudumu. Askari wanaopita msituni kila wiki hung'oa mitego na kuwazuia wenye magobole. Bila doria, tangazo la hifadhi hubaki karatasi.
2. Shoroba. Ushoroba ni ukanda wa miti unaounganisha misitu miwili ili wanyama wapite na kuzaliana. Kati ya Mlima Rungwe na Livingstone upo ushoroba mwembamba wa Bujingijila, ambako miti ya asili imepandwa kuuimarisha.
3. Kupandisha hadhi misitu iliyosahauliwa. Magombera, msitu mdogo wa bondeni ulioliwa kidogo kidogo kwa miongo mingi, ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019.
4. Kazi na mapato kwa wenyeji. Waongozaji, wasaidizi wa utafiti na walinzi watoke vijiji vya jirani, na gawio la utalii lifike kwa wakati.
5. Umbali. Mgeni asimlishe kima wala kumgusa. Mafua ya binadamu huweza kuwaambukiza wanyama hawa, na chakula cha mkononi huwafundisha kuvamia nyumba.
6. Hesabu zisizokatika. Bila hizo, hakuna ajuaye kama hatua nyingine zote zinafaa.

Kipunji ni ushahidi kwamba kazi hii huleta matunda. Hesabu ya kwanza kamili, iliyochapishwa mwaka 2008, iliwapata 1,117, na kati yao 75 tu walikuwa Ndundulu. Baada ya zaidi ya miaka kumi ya doria, upandaji miti na elimu vijijini, hesabu mpya iliwapata karibu 2,000.

Ushahidi wa upande mwingine uko Afrika Magharibi. Mbega mwekundu aitwaye wa Miss Waldron, aliyekuwa akiishi misitu ya Ghana na Côte d'Ivoire, hajaonekana kwa uhakika na mwanasayansi yeyote tangu mwaka 1978. Aliwindwa kwa nyama huku msitu ukikatwa. Ulinzi ulipoanza kuzungumzwa kwa dhati, hapakuwa na kundi la kulinda.

## Muhtasari wa sura

- Nyani na tumbili hustawi mashambani kwa sababu hula karibu kila kitu. Mbega na baadhi ya kima wengine wa msituni hawawezi, kwa kuwa miili yao imefungamana na msitu wenye miti ya aina nyingi.
- Spishi kadhaa za Afrika Mashariki hazipatikani popote pengine duniani. Wanaopakana na misitu yao ndio jirani zao pekee.
- Hesabu zinazorudiwa kwa miaka mingi, spishi kwa spishi na msitu kwa msitu, hutenganisha hofu na ukweli, na kisingizio na sababu.
- Mwanihana na Uzungwa Scarp zinaonyesha kwamba ulinzi ndio uliotofautisha misitu miwili yenye wanyama wale wale.
- Ulinzi hudumu pale ambapo hasara ya mkulima hupimwa kwa haki, kuni zake hupatiwa mbadala, na faida ya msitu humfikia.